Mama Sura na Kompyuta ya Njano

Dada yangu anaitwa Mama Sura. Silo jina alilopewa na wazazi wetu, lakini mtaa mzima umeshalisahau lile la kwanza, na hata mimi nikilitamka anachelewa kuitika. Kazi yake ni kusafisha picha za zamani. Unamletea picha ya babu yako iliyoliwa na mende upande wa sikio, imekunjwa mara nne, ina doa la chai kwenye paji la uso. Anakaa nayo siku mbili tatu mbele ya kompyuta, kisha anakurudishia babu mwenye masikio mawili na shati lililonyooka, anakutazama kana kwamba anataka kukuuliza shule uliishia wapi. Watu wazima na akili zao wamewahi kulia ndani ya kile chumba.

Mimi ni mdogo wake. Natengeneza fremu mlango wa pili, nakata mbao na vioo, napigilia misumari midogo. Katikati yetu yuko mkwe wa dada, mke wa mwanawe wa pekee, ambaye kazi yake ni kuchapisha picha kwenye printa na kuzungumza na wateja, maana dada hana subira na wateja na mimi mdomo wangu hauna breki. Tumefanya kazi hivyo miaka sita. Wanawake watatu wa familia moja kukaa pamoja miaka sita bila kuitishiwa kikao cha wazee si jambo dogo, na naomba litambuliwe.

Sasa hiyo kompyuta. Ni ya aina ile ambayo kioo na mashine yenyewe vimo ndani ya mwili mmoja. Huoni boksi chini ya meza wala nyaya nyingi, unaona kioo kipana tu kimesimama kwa mguu mmoja. Dada aliinunua alipofungua kazi, miaka kumi na mitatu iliyopita, na tangu imeanza kuzeeka tunaiita Bibi. Asubuhi ukimwasha Bibi unaweza kwenda kuchemsha chai, ukainywa, ukaosha kikombe, na ukirudi ndiyo kwanza anafumbua jicho. Feni yake inanguruma mpaka mimi naisikia kwangu ukuta wa pili. Kwa hiyo dada aliposema anataka kompyuta mpya hakuna aliyeshangaa. Kilichotushangaza ni sababu aliyoitoa. Alisema Bibi amegeuka njano.

Hakuanza na Bibi, kwa kweli. Alianza na wino wa printa, kwamba unachapa njano, kisha akahamia kwenye balbu. Alisema balbu za siku hizi zinatoa mwanga mchafu, tukazibadilisha mara mbili. Kisha akasema ni pazia, tukalitoa. Kisha akasema ni ukuta, unaakisi uchafu kwenye kioo, mwanawe akaja Jumapili na brashi na ndoo akaupaka wote upya, rangi nyeupe. Dada akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema mwanawe ameuziwa rangi ya maziwa. Kijana wa watu akakunja uso, akaondoka bila hata kunawa. Ilipofika hapo kilichobaki chumbani cha kulaumiwa kilikuwa kimoja, ndipo lawama zote zikamwangukia Bibi.

Nitasema mapema, usije ukadhani nakusimulia habari za kununua mashine. Mtu anayeishi kwa kutofautisha weusi wa shangazi na weusi wa mpwa wake akianza kuona kila cheupe ni njano, yako mawili tu. Ama kioo kimechoka, ama macho. Kioo unaenda dukani. Lakini macho ya dada ndiyo kazi yake, ndiyo jina lake, na mama yetu alimaliza miaka tisa ya mwisho ya maisha yake akishikwa mkono kwenda chooni. Dada ndiye aliyemshika. Kwa hiyo alipokuwa anazunguka madukani kuchagua kompyuta, alikuwa anatafuta jibu la swali ambalo hakuwa tayari kuliuliza kwa sauti.

Tulimwita fundi wa kompyuta, pande la mtu lenye kisauti chembamba, anayemtibu Bibi tangu zamani. Alimgeuza, akamfungua mgongo, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa. Alieleza kwamba ubaya wa mashine za mwili mmoja ndio huo, kioo kikifa umezika nyumba nzima, na kioo cha umri ule hakipatikani tena. Akatupa njia tatu. Tununue nyingine ya aina ileile, au laptopu, au boksi la kuweka chini na skrini yake peke yake juu ya meza, ambapo siku skrini ikichoka unabadilisha skrini tu. Akasema kwa kazi yetu yeye angechukua ile ya tatu. Dada akasema laptopu ni ya watu wanaosafiri na yeye hasafiri, boksi lina nyaya na yeye na nyaya ni maji na mafuta. Anataka kama Bibi, ila mpya.

Fundi alipokuwa anafunga mgongo nilimwona anakitazama kioo, halafu anamtazama dada, halafu anakitazama tena kioo. Alifungua mdomo. Mkwe akamuuliza haraka kama atakunywa chai.

Tukaanza kuzunguka. Dada alikuwa na flashi ndogo aliyoifunga kwenye kitambaa, na ndani yake mlikuwa na picha moja tu, ya mama yetu. Ndiyo picha ya kwanza aliyowahi kuisafisha. Mama amekaa kwenye kiti cha mbao, amefunga kilemba cheupe, mkono mmoja juu ya goti, na anajizuia kucheka kwa sababu mpiga picha alimkataza. Weupe wa kile kilemba dada anaujua kuliko anavyoujua uso wangu. Mpango wake ulikuwa rahisi. Anaingia dukani, anaomba achomeke flashi, anafungua picha ya mama, na kompyuta itakayoonyesha kilemba cheupe ndiyo atakayoichukua.

Duka la kwanza alisema njano. Nilikuwa nimesimama mlangoni nazungumza na mlinzi, sikuangalia. Duka la pili alisema njano, akamwambia muuzaji mbele ya wateja kwamba kompyuta zake ni mitumba iliyofutwa vumbi. Muuzaji, mama mmoja mpole mwenye miwani, akajibu kwamba ndiyo kwanza ametoka kuifungua kwenye boksi lake. Hapo nikasogea ili nimsaidie dada kugombana, maana ndiyo kazi ninayoiweza, nikaegemea kaunta na kukitazama kioo.

Kilemba cha mama kilikuwa cheupe pe.

Nilitazama tena, nikajiambia labda ni pembe niliyosimama, nikasogea kulia, nikasogea kushoto. Mama alikuwa amekaa pale na kilemba chake cheupe kama siku alipokifunga. Mimi ambaye watu wananiambia nipunguze maneno, mimi niliyemwambia mwenye nyumba wetu usoni kwamba choo chake hakifai hata kwa kuku, sikuthubutu kumwambia dada nilichokiona. Nikasema, "Twende, dada. Hawa hawana kitu." Nikamshika mkono kushuka ngazi, na niliposhtukia kwamba nimemshika mkono, nikauachia haraka.

Duka la tatu lilikuwa na kompyuta saba zimepangwa mstari mmoja. Dada aliomba picha ya mama ifunguliwe kwenye zote. Mama saba wakatutazama wakijizuia kucheka. Dada alipita mbele yao polepole, kutoka wa kwanza mpaka wa saba, akarudi mpaka wa kwanza. Hakugombana na mtu. Aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna nyingine nyuma, akaambiwa hakuna, akachukua flashi yake akaifunga kwenye kitambaa. Njia nzima kurudi alizungumzia bei ya vitunguu.

Nilimtafuta mkwe siku ileile, dada alipokwenda kuoga. Nilitaka kumweleza nilichokiona, lakini kabla sijamaliza sentensi ya kwanza aliinua kichwa kutoka kwenye printa na macho yake yakajaa machozi. Nikajua kwamba alikuwa anajua. Nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekitupa nyuma ya kichwa. Mwaka jana mke wa marehemu mpishi wa shule alinirudishia picha ikiwa ndani ya fremu, akasema kwa adabu sana kwamba mumewe anaonekana kama amepigwa na baridi. Nilicheka. Uso wa mpishi ulikuwa wa bluu kweli. Nilimpa mkwe, akasema, "Niachie, mama mdogo," kesho yake nikaletewa mpishi mwenye rangi yake, nikamtia kwenye fremu, nikasahau. Tangu hapo picha zote zilizonifikia zilikuwa safi. Nilidhani ni dada. Nilimwambia mkwe tutafute siku tumweleze taratibu, akaitikia kwa kichwa, na wiki tatu zikapita kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze.

Aliyetuvua nguo ni fundi, naye wala hakujua. Alipita kuuliza tumefikia wapi. Dada akamwambia bado anatafuta. Fundi akasema, sawa, basi walau ujue kazi zako zina ukubwa gani, ili usije ukanunua mashine isiyo na nafasi ya kuzibeba. Akamwonyesha mahali pa kubofya ili aone ukubwa na idadi ya picha, akaondoka.

Dada ni mtu wa utaratibu. Anajua idadi ya picha alizosafisha kama wengine wanavyojua idadi ya watoto wao. Akabofya, Bibi akanguruma, namba ikatokea, na namba ilikuwa kubwa mno. Nilikuwa pale naleta fremu mbili za kuhakikiwa. Dada akasema Bibi amechanganyikiwa, akabofya tena. Namba ileile. Akaanza kufungua folda moja baada ya nyingine, akihesabu kwa midomo, mpaka akafikia moja ambayo hakuifungua yeye. Ilikuwa imeandikwa "Za kuchapa". Ndani yake mlikuwa na wateja wake wote wa mwaka mzima na zaidi, sura kwa sura, kila mmoja kwa mara ya pili.

Mkwe alikuwa kwenye printa. Feni ya Bibi ilikuwa inanguruma na yeye alikuwa ameshika karatasi bila kuitia ndani.

Dada alifungua moja. Akafungua nyingine. Yeye, kwa macho yale, alichokuwa anakiona ni kazi yake nzuri imemwagiwa njano, mtu baada ya mtu, makumi kwa makumi. Aligeuka na kiti. Sijawahi kumwona na hasira ya namna ile, hasira isiyo na kelele. Akamuuliza mkwe nani amezichafua picha zake.

"Ni mimi, mama," mkwe akasema.

Dada akamwambia aseme tena.

"Ni mimi. Zilikuwa zinatoka za bluu, mama. Ya kwanza ilirudishwa, ya pili ikarudishwa. Ya tatu sikusubiri irudishwe, nikawa nazirekebisha kwa Bibi ukishakwenda kulala."

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya mpishi wa shule."

"Hiyo ni mwaka jana."

"Mwaka na miezi minne."

Nilimwona dada anapiga hesabu. Mwaka na miezi minne ya kugombana na wino wa printa, na balbu, na pazia, na mwanawe. Akauliza kwa nini hakuambiwa.

"Ningeanzaje, mama?" Mkwe aliizima printa. "Nimekuja hapa sijui hata kuwasha kompyuta, wewe ndiye uliyenionyesha. Ningekuambiaje wewe kwamba huoni? Kila siku nilikuwa naomba iwe ni Bibi."

Dada akanigeukia mimi. Alinitazama tu, na mdomo wangu ambao ulikuwa umegoma wiki tatu ukafunguka wenyewe. Nikamwambia habari za duka la pili. Nikamwambia kilemba cha mama kilikuwa cheupe pe, na duka la tatu vilikuwa saba vyote vyeupe. Nikalia, tena kwa sauti, jambo ambalo si kawaida yangu na lilinikera katikati ya kulifanya.

Yeye hakulia. Alizima Bibi, akaweka mikono juu ya meza. Alisema kwamba alijua tangu siku ya ukuta. Mwanawe ni mbishi, alisema, lakini si mjinga wa kuuziwa rangi ya maziwa. Alijua, akaamua kwamba kabla hajatazama kompyuta zote za mji huu hajui. Tulikaa pale watatu, kila mmoja na uongo wake mkononi, na wote uongo ule ule. Mteja akabisha mlango, kwa mara ya kwanza katika miaka sita mkwe hakumfungulia.

Hospitali ya macho alikwenda shingo upande. Alivaa nguo yake nzuri, ile anayoiita ya kuzikia, nikamwambia akaibadilishe. Tulikaa kwenye benchi refu na watu waliofunikwa jicho moja, na dada alikuwa amenyooka mgongo, mkoba kwenye mapaja, anajibu nikimsemesha kwa "ndiyo" na "hapana". Alikuwa ameshajihukumu. Aliniambia kwamba fremu zangu zisitegemee tena kazi yake, nitafute watu wa vyeti na harusi. Nikamwambia anyamaze. Hatujawahi kuambiana hivyo tangu utotoni, naye akanyamaza.

Daktari alikuwa binti mdogo, pengine lika la mkwe, mwenye vidole vya baridi. Alimkalisha gizani, akamwangaza kwa taa nyembamba, jicho la kulia, la kushoto, tena la kulia. Kisha akawasha taa ya chumba na kusema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, la kulia limekomaa zaidi. Akaeleza kwamba ndani ya jicho kuna lenzi, na kwa umri inapoteza uwazi, kwa wengine inakuwa nyeupe kama ukungu, kwa wengine inageuka njano kwanza. Yeye yake imegeuka njano. Hapo nikaelewa ile bluu ya mpishi, dada alikuwa anaitia ili kuua njano isiyokuwepo. Kinachofanyika ni kuitoa na kuweka nyingine, na mtu anarudi nyumbani siku ileile.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama wanatoa jicho zima.

Daktari akasema hapana, lenzi peke yake.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, mama. Vingine vyote vyako ni vizima."

Dada alinigeukia, na nikaona kitu kimeanza kumrudi usoni. "Kumbe mimi nina nafuu kuliko Bibi," akasema. "Mimi kioo kinabadilishwa."

Daktari hakuelewa tulichokuwa tunachekea. Tulicheka mpaka nesi akachungulia. Kisha dada akaacha kucheka ghafla, akauliza kama mtu aliyeanza hivi, halafu akaambiwa nyumbani kwamba ni uzee na akaachwa tu, anaweza kuishia kushikwa mkono. Daktari akasema ndiyo, inawezekana, ingawa kwa mtu ambaye hajamwona hawezi kujua ilikuwa ni nini. Dada akaitikia kwa kichwa. Hatukumtaja mama, hakukuwa na haja, na uchungu ule bado ninao mpaka leo ninapoandika.

Jicho la kulia lilifanyiwa kazi wiki mbili baadaye. Asubuhi ya pili tulirudi kufunguliwa bandeji. Nilisimama mbele yake makusudi, niwe kitu cha kwanza kukiona. Nesi akabandua plasta taratibu, akamfuta, akamwambia afumbue. Dada akafumbua. Akanitazama toka juu hadi chini.

"Kumbe umezeeka hivi," akasema.

Ndiyo shukrani niliyopata. Aligeuka kwa nesi, akashangaa kwamba sare yake ni nyeupe, alikuwa anaamini ni ya rangi ya mchanga. Njia nzima kurudi alikuwa anafunika jicho moja kwa kiganja, kisha la pili, moja baada ya jingine, akiniambia kwa hili ni dunia ya jana, kwa hili ni ya leo. Aliniambia mbingu ni bluu mno, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiificha. Akasema, "Mama angeyaona haya," na hapo ndipo alipolia, jicho jipya na la zamani, nami nikamfuta kwa kitambaa safi tulichopewa hospitali.

Hakutaka kupumzika. Alipitiliza chumbani kwake, akamwasha Bibi, akakaa na miwani ya jua usoni kama alivyoagizwa, akisubiri. Bibi akanguruma, akajikokota, akaamka. Dada akavua miwani, akafungua picha ya mama. Akafunika jicho la kushoto. Akafunika la kulia. Akarudia la kushoto, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akakipapasa kioo ukingoni na kusema, kwa heshima zote, kwamba alimsingizia.

Baada ya hapo akafungua kazi zake mwenyewe za ule mwaka na miezi minne. Nilikuwa nimejiandaa kwa maombolezo. Lakini alipoona mpishi wa shule wa bluu, na nyuma yake kiongozi wa kwaya wa bluu, na maharusi wawili waliokaa kama wamefungiwa ndani ya friji, alicheka mpaka akakumbuka kwamba amekatazwa kucheka kwa nguvu. Akatuuliza tuliwezaje kukaa naye chumba kimoja na nyuso zetu zikiwa kavu. Kisha akafungua folda ya mkwe.

Hapo hakucheka. Alipita picha moja moja, taratibu, kama alivyopita mbele ya mama saba dukani. Mkwe alikuwa amesimama nyuma yake, anajipangusa viganja kwenye sketi. Kuna picha ya mwanamke mzee aliyepigwa jua upande mmoja wa uso, na shavu la upande wa kivulini ni kazi ngumu, ukizidisha linakuwa jivu, ukipunguza linakuwa udongo. Dada alikomea kwenye picha hiyo. Akaivuta karibu, akaivuta karibu zaidi.

"Shavu hili umelipataje?"

Mkwe akaeleza. Alianza kwa kunong'ona, akaendelea, akasahau kuogopa, akafikia mahali anaonyesha kwa kidole kwenye kioo, kosa ambalo mtu mwingine angekatwa nalo mkono. Dada alisikiliza. Mwisho akasema tu kwamba yeye asingelipata hivyo, akafungua picha inayofuata. Miaka sita sijamsikia akimwambia mtu neno kama hilo. Mkwe alikuwa amegeuka fundi wa picha mbele ya macho yetu na sote tulikuwa tumeshughulika kutomwona.

Kesho yake dada alimpigia simu fundi wa kompyuta, akamwambia anataka ile ya boksi.

Fundi akamkumbusha habari za nyaya. Dada akasema nyaya zitamzoea. Anataka boksi chini ya meza, na juu yake skrini mbili, si moja. Fundi akasema anaelewa, watu wengi wa picha wanaziweka mbili sambamba, ili nafasi iwe kubwa. Dada akasema hajaelewa. Hazikai sambamba, zinatazamana, moja upande huu wa meza, moja upande ule, na zote zionyeshe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Fundi akauliza ya upande ule ni ya nani.

"Ni ya mwenzangu," dada akasema, na mkwe, aliyekuwa anakata kingo za picha iliyochapwa, akaikata katikati.

Dada alikwenda duka la pili, kwa yule mama mwenye miwani, akamwomba radhi mbele ya wateja kama alivyomtukana mbele ya wateja. Bibi alihamia kwangu. Namtumia kuandika vipimo vya fremu, na kazi hiyo anaimudu. Asubuhi tunaamka kwa mwendo mmoja.

Siku ya kwanza ya mashine mpya nilijitafutia sababu ya kuwepo, nikaleta fremu ya kupigilia misumari palepale. Kompyuta iliwaka kabla dada hajakaa vizuri, akaitazama kwa mashaka kama mtu asiyeamini anayeitika haraka. Kazi ilikuwa picha ya nesi mstaafu, sare nyeupe, kola iliyochanika. Dada akaziba mpasuko, akanyoosha kola, akaanza kuweka rangi. Jicho la kulia lilikuwa zima, la kushoto lilikuwa linasubiri zamu yake mwezi ujao, lakini mkono ulikuwa na mazoea ya karibu mwaka na nusu, na mkono haufanyiwi upasuaji. Nikaona kola inaanza kuingia bluu.

Upande wa pili wa meza mkwe aliona pia. Nilimwona anatazama chini, anatazama printa yake ya zamani, anatazama mlango. Niliacha kupiga nyundo.

"Mama," akasema. "Hapo kwenye kola umezidisha bluu."

Dada alitoa mkono kwenye mausi. Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akaisogelea skrini, akaikagua kola yote.

"Kweli," akasema. Akaisukuma mausi, na waya wake, ikavuka meza mpaka upande wa pili. "Toa wewe."